Hewa Ndani ya Figo

Mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa kwamba hamira ikipata sukari hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo iumuayo unga wa mandazi. Katika sura nyingine hufundishwa kazi ya figo. Aghalabu hakuna amwambiaye kwamba mambo hayo mawili yaweza kukutana katika mwili wa mgonjwa wa kisukari, na kwamba yakikutana huweza kuua.

Mara nyingi kisababishi ni kijidudu kiitwacho Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo, ambacho hupanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo. Humo hukuta tishu zilizojaa glukosi, damu ipitayo kwa shida, na chembe nyeupe zilizodhoofika. Huichachua glukosi hiyo, kikatoa kaboni dayoksaidi na haidrojeni. Hewa hujikusanya katika nyama ya figo inayokufa. Kelly na MacCallum waliyaandika haya mwaka 1898. Katika kila wagonjwa kumi, wapatao tisa au zaidi huwa na kisukari, na wengi ni wanawake.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kuikata figo yote. Mwaka 2000, Huang na Tseng wa Taiwan walichapisha habari za wagonjwa 48 na kuonyesha kwamba ugonjwa huu una ngazi: hewa ikiwa haijaenea mbali, wengi hupona kwa viuavijasumu pamoja na mrija upitishwao ngozini kutolea usaha, na figo ikabaki.

Lakini hayo yataka mgonjwa awahi, na hapo ndipo penye kosa letu sote. Homa, kutetemeka, kutapika: nani asiyesema ni malaria? Dawa hununuliwa dukani, siku tatu zikapita, na maumivu ya ubavuni yakadhaniwa ni uchovu wa shamba. Hata vimelea vya malaria vikionekana katika damu, havithibitishi kwamba figo ni nzima. Mwenye kisukari aliyepata homa yampasa apimwe mkojo na sukari siku ile ile. Kijiti cha kupimia mkojo si kitu cha anasa.

Watatokea wa kusema kwamba ugonjwa huu ni nadra mno kupewa nafasi darasani. Nadra ni hiyo hewa. Maambukizi ya figo yaitanguliayo si nadra hata kidogo kwa wenye kisukari, na mtu wa kwanza kumwona bibi akitetemeka huku ameshika ubavu si daktari, bali ni mjukuu aliyerudi kutoka shuleni.