Geti la Shule Lisiwe Soko la Sukari

Sukari inayowadhuru watoto wa mijini Tanzania haitoki kwenye chai ya asubuhi peke yake. Ipo kwenye barafu za rangi, juisi za unga, ubuyu uliokolezwa sukari, biskuti, pipi na soda. Sehemu kubwa ya biashara hiyo hufanyika hatua chache tu kutoka geti la shule, wakati wa mapumziko, kwa hela ambayo mzazi mwenyewe alimwekea mtoto mfukoni alfajiri.

Mwishoni mwa mwaka uliopita, mahafali ya darasa la awali katika shule moja ya Dar es Salaam yalidhihirisha jinsi jambo hili lilivyozoeleka. Watoto wa miaka 5 na 6 walikalishwa juani tangu asubuhi. Kila aliyeitwa jina alikabidhiwa cheti, soda na pakiti ya pipi. Maji ya kunywa hayakuwepo, maana bomba la uwanjani lilikuwa kavu. Baadhi ya watoto waliopigwa picha siku hiyo walikuwa na meno ya mbele yaliyooza mpaka kwenye ufizi, na hakuna mzazi, mwalimu wala kiongozi aliyesimama kuuliza. Hilo ni jambo la aibu, na aibu yenyewe ni ya watu wazima wote waliokuwepo.

Madhara hayahitaji maelezo marefu. Bakteria wa kinywani huigeuza sukari kuwa asidi inayolila jino, na kila tonge jipya la sukari huianzisha kazi hiyo upya. Kwa hiyo mtoto anayelamba barafu kidogo kidogo asubuhi nzima huumia kuliko yule anayekula kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula. Tena meno ya utotoni si ya kupuuzwa eti yatang'oka tu. Ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani, na mtoto mwenye jino bovu hali, halali, wala hasikii anachofundishwa.

Kisha kuna kiasi chenyewe. Chupa ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko 9 vya chai. Mwaka 2016 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Soda moja ya mahafali ilikuwa imeshaupita mpaka huo kabla ya pipi kufunguliwa.

Wapo wanaodhani haya ni matatizo ya watoto wa matajiri. Si kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na sukari huchukua nafasi ya lishe wanayoikosa. Juisi ya unga ni rahisi kuliko yai. Mtoto akiinywa hushiba, na sahani ya maharage na mchicha hurudi jikoni haijaguswa. Sukari humnyima mtoto wa maskini chakula kile kile ambacho mama yake amekihangaikia.

Faida ya kuichelewesha sukari pia inajulikana. Uingereza iligawa sukari kwa kipimo wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuendelea mpaka Septemba 1953. Watafiti waliochapisha katika jarida la Science mwaka 2024 waliwalinganisha waliozaliwa kabla na baada ya mgao huo kukoma. Wale ambao ujauzito na miaka yao 2 ya kwanza iliangukia kwenye mgao walikuwa na hatari pungufu ya kisukari cha aina ya pili kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20. Hawa walikuwa tayari ni watu wazima wa makamo na wazee.

Lawama zinawagusa wengi. Kampuni za vinywaji hulipia mabango yenye majina ya shule, na mtoto hujifunza kusoma jina la shule yake chini ya picha ya chupa ya soda. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilifichua kwamba chakula cha watoto wachanga cha Cerelac kilichouzwa Ethiopia kilikuwa na zaidi ya gramu 5 za sukari ya kuongezwa kwa kila mlo, ilhali cha Ujerumani na Uingereza hakikuongezwa hata chembe. Mtoto wa Kiafrika amefanywa mteja kabla hajaota jino. Lakini kampuni haiingii uwanjani bila kufunguliwa geti. Wanaolifungua ni walimu wakuu, kamati za shule na wazazi wanaonyamaza.

Kazi ianze na maji. Shule yenye tangi lililojaa, ndoo zenye koki na vikombe safi kila darasa huiondolea barafu wateja wake, kwa kuwa mtoto hununua barafu kwa kiu kabla ya tamaa. Michango ya mahafali inaweza kusaidia kuyanunua hayo.

Akina mama wanaouza vitu hivyo getini wasifukuzwe, nao wana watoto wa kulisha. Kamati ikae nao, ikubaliane nao wauze mihogo ya kuchemsha, mahindi, karanga, ndizi, machungwa na maembe ya msimu, na wakitimiza wapewe nafasi ya kudumu ndani ya uzio. Mabango ya soda yapakwe rangi. Fundi wa mtaani humaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Serikali nayo ina la kufanya. Afrika Kusini imetoza kodi ya vinywaji kulingana na sukari iliyomo tangu Aprili 2018, na Chile ilipiga marufuku tangu 2016 kuuza shuleni vyakula vilivyozidisha sukari. Tanzania inaweza.

Ila watoto wa sasa hawawezi kusubiri sheria. Kamati za shule zikutane kabla ya muhula wa Januari kufunguliwa, na mzazi ambaye hajawahi kuhudhuria kikao chochote, kikao hiki ahudhurie.