Maandazi ya Kuoka kwa Makaa

Nyumbani kwetu baba aliambiwa kliniki apunguze uzito kwa ajili ya presha, lakini andazi la asubuhi hakutaka kuliacha. Basi tukaacha karai la mafuta.

Utamu twautoa katika ndizi mbivu. Ponda 2, ukande na unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko kidogo 1, mafuta kijiko kikubwa 1 na maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo. Sukari na chumvi usitie. Yakisha kuumuka, yapange katika sufuria iliyopakwa mafuta, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 25 hivi.

Siku ya kwanza baba alinuna! Lakini, mama mwenzetu, kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na andazi la kukaanga huyanywa. Mwenye kisukari asile mengi: ndizi na ngano bado ni wanga.