Mgonjwa wa shingo ana haki ya kuuliza: mbele au nyuma?

MJOMBA wangu ni fundi wa cherehani mjini Mombasa. Miaka kadhaa iliyopita alianza kushindwa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Baadaye vifungo vya shati vikamshinda, kisha akawa anatembea akiyumba kama aliye ndani ya mashua. Majirani walisema ni uzee, wengine wakanong'ona kuwa amerogwa. Picha ya MRI ndiyo iliyofichua kiini: pingili na diski za shingo zilikuwa zimechakaa na kuibana kamba ya mishipa ya fahamu inayopita ndani yake.

Daktari akasema sharti apasuliwe. Sisi jamaa zake tuliuliza maswali mawili pekee: ni pesa ngapi, na lini? Hatukujua kwamba kulikuwa na swali la tatu lenye uzito zaidi: atapasuliwa upande gani?

Njia kuu ni mbili. Katika ile ya mbele, daktari husogeza kando koo na bomba la hewa, akaondoa diski iliyoharibika, kisha akaunganisha pingili, mara nyingi kwa bamba la chuma. Katika ile ya kisogoni, mfupa unaoifunika kamba hiyo huondolewa na pingili zikakazwa kwa skrubu. Ipo pia aina ya upasuaji wa nyuma iliyokuzwa na madaktari wa Japani miaka ya 1970, ambapo mfupa hufunguliwa kama mlango, na shingo haikazwi.

Je, ipi bora? Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani na Canada kwa wagonjwa 163 ambao wangeweza kupasuliwa upande wowote. Kura ndiyo iliyoamua nani apasuliwe mbele na nani nyuma. Baada ya mwaka mmoja, nafuu yao haikuwa na tofauti ya maana.

Tofauti ilikuwa katika madhara. Waliopasuliwa mbele, asilimia 48 walipata matatizo. Wa nyuma, asilimia 24. Tatizo kubwa la mbele lilikuwa kumeza. Hata hivyo, wa nyuma nao hawakusalimika: asilimia 9 walipata udhaifu mpya wa mishipa ya fahamu, ilhali wa mbele walikuwa asilimia 2. Waliofunguliwa 'mlango' walionekana kupata nafuu zaidi, lakini hao walichaguliwa na madaktari wao wala si kwa kura, kwa hivyo tusiharakishe kuitangaza njia hiyo kuwa mshindi.

Mjomba alipasuliwa mbele. Mikono yake ilipata nguvu, lakini kwa wiki sita aliishi kwa uji, kila tonge likimkwama. Aliamini ana saratani ya koo na kwamba tunamficha. Usiku mmoja aliniita akaniusia nani arithi cherehani yake. Kumbe lilikuwa tatizo linalojulikana, na lilikwisha lenyewe.

Simlaumu daktari kwa kuchagua mbele. Huenda umbo la shingo yake halikuruhusu njia nyingine. Namlaumu kwa kunyamaza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Mzee wa kushona suruali hakuelezwa lolote zaidi ya kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi.

Nasi wananchi tuna makosa yetu. Tunamwogopa daktari kama hakimu. Ikiwa wewe au mzazi wako ataambiwa apasuliwe shingo, uliza: Mbele au nyuma? Kwa nini hiyo wala si nyingine? Nitarajie nini nikiamka? Daktari bingwa hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, mtafute mwingine akupe maoni yake kabla hujatia sahihi.