Dada Mkubwa si Mwalimu wa Bure

"Mzazi ni mwalimu wa kwanza." Kauli hii imezoeleka majukwaani kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza inasemwa na nani, wala inasemwa wakati gani. Aghalabu husemwa na mwenye mshahara kumwambia asiye na mshahara, na husikika zaidi pale mwalimu wa pili, yule anayelipwa kwa kazi hiyo, anapokuwa hayupo.

Ilisikika sana mwaka 2020. Tarehe 17 Machi shule za Tanzania, tangu za awali hadi kidato cha sita, zilifungwa kwa sababu ya korona, kwanza kwa siku 30, kisha bila ya kikomo. Kidato cha sita na vyuo vilirejea tarehe 1 Juni. Madarasa mengine yakarejea tarehe 29 Juni. Hizo ni siku 104. Katika muda huo watoto waliagizwa wasome nyumbani, vipindi vya masomo vikarushwa redioni na kwenye televisheni, na wenye intaneti wakaelekezwa huko. Agizo lilikuwa la nia njema, na pengine hapakuwa na jingine la kutoa. Ila lilimfikiria mtoto mmoja, mwenye meza yake, redio yake na mzazi aliyekaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Nyumba ya namna hiyo ni adimu Nansio. Mji huo ndio makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, wilaya ya visiwa ndani ya Ziwa Viktoria, na maisha yake yanakwenda kwa saa za ziwa wala si kwa kengele ya shule. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa kunapokucha, huanuliwa kabla ya mvua. Mwezi ukikomaa, wavuvi hupumzika. Sasa ichukuliwe nyumba moja ya kukadiria tu, ila isiyo ngeni kwa yeyote aliyepata kuishi kule: baba yuko kambini kwenye kisiwa kingine, mama ana meza yake sokoni, watoto ni watano. Mmoja yuko kidato cha pili, mwingine darasa la saba, wa tatu darasa la nne, wa nne la kwanza, na wa mwisho bado anararua kila karatasi inayomfikia mkononi. Darasa la nne lina upimaji wake wa taifa, la saba lina mtihani wake, kidato cha pili kina wake. Nyumba moja, mitihani mitatu, redio moja. Na huyo wa kidato cha pili, kama ilivyo katika nyumba nyingi, ni msichana.

Ni nani basi aliyefundisha katika siku zile 104?

Jibu analijua kila mtu, na kwa kuwa linajulikana, halikuandikwa popote. Alifundisha dada mkubwa. Alimshika mkono wa darasa la kwanza auandike "b" isigeuke "d", akamwachia huyo katikati ya neno ili amtazame wa darasa la nne aliyekwama kwenye kugawanya, akainuka kumpokonya mdogo kalamu, akachochea moto, akateka maji, akarudi akakuta wa darasa la kwanza ameshakwenda zake kucheza. Kipindi cha kidato cha pili kilipofika redioni, ama alikuwa kisimani ama redio ilikuwa imezimwa kwa kuchelea kumaliza betri. Shule zilipofunguliwa, aliingia darasani kama wenziwe, na mitihani ya taifa ya mwaka ule haikufutwa. Karatasi yake haikuwa na swali hata moja juu ya kazi aliyoifanya.

Wapo wenye majibu ya haraka kwa haya. Wa kwanza ni wale wanaosema kwamba mchanganyiko wa umri si mzigo bali ni neema: mkubwa amfundishe mdogo, naye kwa kufundisha ataelewa zaidi. Maneno haya hupendwa sana na watu wa mijini wenye uwezo, ambao katika miaka ya karibuni wamewatoa watoto wao shuleni na kuwasomesha nyumbani kwa mitaala iliyonunuliwa ng'ambo. Katika nyumba zile yumo mtu mzima mmoja aliyeacha kazi nyingine zote, yumo msichana wa kazi jikoni, na kila mtoto ana kompyuta yake. Mkubwa akimsaidia mdogo kwa nusu saa, ni pambo la malezi. Kulichukua pambo hilo na kulipeleka Nansio kama mfano wa kuigwa ni dhihaka. Kule nusu saa huwa siku nzima, na anayemsaidia mdogo hana anayemsaidia yeye.

Wasomaji wa pwani watasema, na watasema kwa haki, kwamba chuo cha Kurani kimefundisha watoto wa kila umri katika ukumbi mmoja kwa karne nyingi. Mmoja yuko kwenye alifu, mwingine ameifikia juzuu ya Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu. Kila mmoja anasoma lake kwa sauti yake, na wageni hustaajabu jinsi makelele yale yanavyozaa wasomaji. Ushahidi huo ni wa kweli. Kwa hakika ndio ushahidi bora uliopo kwamba kugawa watoto kwa darasa na mwaka si amri ya maumbile, ni mpango wa shule za juzi tu. Lakini na utazamwe vizuri. Katika chuo yupo mwalimu. Khalifa humsikiliza mdogo, kisha huenda yeye mwenyewe kusikilizwa na mwalimu, na sehemu yake haifutwi kwa sababu amewasaidia wengine. Tena wote wanasoma kitabu kimoja, kwa njia moja, wakitofautiana tu mahali walipofikia. Nyumba ya Nansio mwaka 2020 ilikuwa na makhalifa bila ya mwalimu, na vitabu, vilipokuwapo, kila kimoja cha njia yake.

Wengine huleta tenzi. Hukumbusha kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, kule pande za Pate katikati ya karne ya 19, alimfunza bintiye kwa utenzi, na kwamba Shaaban Robert aliwaandikia watoto wake Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Nyumba, wanasema, ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya Waswahili. Ni kweli; ila jambo moja hupitwa. Mwana Kupona alisema na mtoto mmoja, binti aliyekwisha kukaribia uolewa. Shaaban Robert alikuwa na wawili wa kuwausia, akaandika tenzi mbili: Hati kwa binti, Adili kwa mwana wa kiume. Fundi yule wa maneno hakujaribu kuwausia wote wawili kwa utenzi mmoja. Alijua kwamba funzo hukatwa kwa kimo cha anayefunzwa, kama nguo. Anayetaka kuzitumia tenzi hizi kuhalalisha mama mmoja kufundisha watano kwa wakati mmoja, baada ya kutoka sokoni, amezisoma kwa jicho moja.

Hata Ukerewe wenyewe hutolewa ushahidi. Kisiwa hicho kilimzaa Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, na kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika kwa Kikerewe hadi 1945 na kukifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kimejaa malezi: wazazi, majirani, na watoto Ntulanalwo na Bulihwali wanaokua wakijifunza mwenendo wa watu wao. Kutokana na kitabu hicho hutolewa hoja kwamba zamani jamii nzima ililea, kwa hiyo na ilee leo. Lakini katika dunia ile ya Kitereza watu wazima wako nyumbani, na wanachofundisha ni kile wanachokijua: kilimo, uvuvi, adabu, dawa, namna ya kusema na mkwe. Hakuna aliyemtaka nyanya afundishe sehemu za desimali. Kitereza mwenyewe hakupata elimu yake ya vitabu jikoni. Aliipata seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, mbele ya walimu. Alizijua elimu zote mbili na hakuchanganya wenye dhamana nazo. (Kitabu chake kilichapishwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Taifa lililomchelewesha mwandishi wake miaka 35 lisishangae likiwachelewesha na watoto.)

Kiini cha shida, ambacho hakigusiwi na wote hao, ni lugha. Mtoto wa Nansio huzungumza na bibi yake kwa Kikerewe, au kwa Kijita, Kikara ama Kisukuma kulingana na asili ya nyumba. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili. Siku anapoingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili hugeuka Kiingereza. Mama aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, na akamaliza vizuri, anaweza kumwongoza wa darasa la kwanza, wa darasa la nne, hata wa darasa la saba. Kwa mkubwa wa nyumba mlango umefungwa. Si kwamba hajui mmea hujitengenezea chakula kwa jua. Anajua, na amelima muhogo miaka 20. Hajui linavyoulizwa. Mtaala umemvua ualimu pale hasa alipohitajiwa, kisha ukamwita mwalimu wa kwanza. Ndiyo maana msaada wote wa nyumbani hushuka chini, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa wadogo, wala haupandi.

Na yupo atakayedai kwamba haya yalikuwa ya dharura, yamepita. Hayakupita. Kwenye makambi ya wavuvi, ambako shule haipo au inahitaji kuvuka maji, watoto wa umri mbalimbali hukaa na kujifunza kwa kubahatisha kila mwaka, pasipo ugonjwa wowote. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni na inamwadhibu asiyempeleka. Haikueleza afanye nini yule ambaye shule yenyewe haikumfikia. Mvuvi hushtakiwa kwa utoro wa mwanawe, na ziwa halishtakiwi.

La kuudhi ni kwamba maarifa ya kuendesha somo kwa watu wasiolingana yamo katika kumbukumbu za nchi hii, na Ukerewe ilikuwa miongoni mwa mahali pa kuyajaribia. Mwaka 1970 ukimalizika, Mwalimu Nyerere alitaja wilaya chache ambazo zingefuta ujinga wa kutojua kusoma katika mwaka 1971; visiwa vya Mafia na Ukerewe vilikuwamo. Wakati huohuo mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa ukiendeshwa mikoa ya ziwa kutoka Mwanza, na vitabu vyake viliandikwa juu ya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani juu ya kazi iliyokuwa tayari mikononi mwa wanafunzi. Mzee na kijana walikaa ubao mmoja. Baadaye, mwaka 1999, ulipoanza kwa majaribio mpango wa MEMKWA kwa watoto walioikosa shule, serikali yenyewe haikuwachanganya ovyo: iliwagawa makundi rika mawili, wadogo hadi miaka 13 na wakubwa kuanzia 14, ikawatafutia wawezeshaji wa kuwafundisha. Ilipokuwa kazi yake, serikali iliona haja ya kugawa na haja ya mtu mzima. Ilipokuwa kazi ya mama wa Nansio, haja zote mbili zikatoweka.

Kazi inayotakiwa si ya miujiza. Dagaa waliokwisha kuanikwa ni somo la nyumba nzima: wa darasa la kwanza ahesabu mafungu, wa nne agawanye debe kwa fungu, wa saba atafute faida na hasara, wa kidato cha pili apime uzito wa wabichi na wa wakavu, atoe asilimia ya maji yaliyopotea, kisha aeleze kwa nini mkavu haozi. Jambo moja, vimo vinne, na mama anaweza kusimamia yote bila ya kuwa mwalimu wa lolote. Masomo ya namna hiyo yangeandikwa na kupelekwa visiwani kabla ya dharura nyingine, badala ya kurusha hewani vipindi vya darasa moja moja. Walimu wastaafu wapo mitaani Nansio. Watoto wa kidato cha pili wa nyumba kumi wakikusanywa mbele ya mmoja wao kwa saa mbili, na saa hizo zikalindwa zisiliwe na jiko, dada mkubwa atakuwa mwanafunzi tena. Mstaafu huyo alipwe.

Na vitabu vya sekondari viandikwe kwa Kiswahili, ili mama anapokaa karibu na bintiye jioni aweze kuusoma ukurasa ulio mbele yao.