NDEGE ZA KUKODI: NANI HULIPWA KWA KUNGOJA?



Wapakiaji, wasafishaji wa ndege na watia mafuta wa Kiwanja cha Wilson, Nairobi, wamekuwa wakija ofisini kwetu na neno moja: "Nilifika saa kumi na moja alfajiri, ndege haikurudi mpaka saa tisa mchana, nami nililipwa kwa ndege moja tu." Wakiulizwa, matajiri hujibu kwamba biashara ya ndege za kukodi haina uhakika. Leo kuna wageni, kesho hakuna, basi hawawezi kumlipa mtu aliyekaa bure. Wengi wetu tumelimeza jibu hilo kwa kuwa hatuijui hesabu yenyewe. Haya, tuifungue.

Ndege za ratiba huuza viti. Ndege ya kukodi huuzwa nzima, na wakipanda watu wawili au tisa, bei ni ile ile. Bei hufanywa kwa saa za kuruka. Tuseme mtu ataka Cessna Caravan impeleke Lodwar. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu. Akishuka abaki huko, je, atalipa saa moja na nusu? La. Ndege yapasa kurudi Nairobi, nayo ikirudi tupu ni juu yake, kwa hivyo atalipa saa tatu. Akitaka imngojee mpaka kesho kutwa, ataongezewa ada ya kuegesha, chakula na malazi ya rubani, na mara nyingi atatozwa saa kadha za kuruka kwa kila siku, hata kama ndege haikuinuka kamwe, maana ndege iliyolala Lodwar haiwezi kukodishwa kwa mwingine. Akivunja safari siku ya mwisho, fedha zake hazirudi zote.

Tazameni sana jambo hili, ndugu. Katika biashara hii kungoja kuna bei, na bei hiyo huandikwa katika karatasi anayopewa mteja kabla hajapanda. Chuma kikingoja hulipiwa. Mtu akingoja karibu na chuma hicho, huambiwa hakuwa na kazi!

Yuko na dalali. Huyu hana ndege, hana fundi, wala hana hata gari la kubebea mizigo. Ana simu na marafiki. Mteja humwendea yeye, naye huuliza bei kwa kampuni mbili tatu, huchukua iliyo nafuu, kisha huongeza yake. Hatumtukani, kwani kazi yake ni kazi. Lakini kampuni zikishindana kupunguza bei mbele yake, mafuta hayapungui, ada ya kutua haipungui, bima haipungui. Kipatikanacho kupunguzwa ni kibarua.

Pengine mwenye ndege siye anayeiendesha. Daktari au mfanya biashara hununua ndege, akaikabidhi kwa kampuni yenye cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nayo huikodisha kwa niaba yake. Hiyo ni halali. Lisilo halali ni ndege ya mtu binafsi kubeba abiria kwa malipo bila cheti hicho. Mkiambiwa mpakie ndege ya namna hiyo usiku usiku, kumbukeni kwamba ikianguka bima yaweza kukataa kulipa. Mafundi nao tunawaambia: sahihi yako ni yako, na mteja mwenye haraka hatakuwa nawe mbele ya wachunguzi.

Hatusemi matajiri hawana taabu. Vipuri hununuliwa kwa dola, na injini ina saa zake za kufunguliwa, iwe imepata wateja au haikupata. Masika, mwezi wa Aprili na Mei, wageni huwa wachache na viwanja vya udongo hujaa matope. Mwaka wa 2020 safari za abiria kutoka ng'ambo zilisimama tangu 25 Machi mpaka 1 Agosti, na hapo tuliona tofauti kwa macho yetu: mwenye barua ya kuajiriwa alikuwa na jambo la kudai, kibarua alifungiwa lango.

Na huyo kibarua ni kibarua kweli? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema aliyefanya kazi siku za kufululiza ambazo jumla yake ni kama mwezi mmoja au zaidi, huyo hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Ana haki ya kupewa notisi kama wa mwezi. Tunao watu walioitwa "wa kutwa" kwa miaka sita.

Katika mazungumzo yajayo tutadai mambo mawili: barua kwa kila aliyetimiza masharti ya kifungu hicho, na malipo ya saa za kungoja tangu mtu aambiwapo afike, si tangu ndege itokeapo. Tajiri atataka ushahidi. Basi kila mmoja anunue daftari ndogo, aandike tarehe, namba ya ndege, saa aliyoitwa, saa ndege ilipofika, na alicholipwa. Aliyeitwa akarudishwa bila kitu, na hilo aliandike. Madaftari yapelekwe kwa wawakilishi wenu kazini kila Jumamosi. Msiyaache katika makabati ya kampuni.