Cheti cha Heshima Hakina Kura

Ndugu zangu, nimechoka na picha. Mmoja wetu akipewa cheti cha heshima na baraza la jiji hapa Minneapolis, zinazagaa suti, vitenge na risala ndefu kuliko cheti chenyewe. Hongera. Halafu? Baraza lina madiwani 13. Siku wanayopitisha bajeti, sisi tuongeao Kiswahili tuko wapi? Kazini, zamu mbili, najua. Mbona siku ya sherehe ruhusa tunaipata?

Watazameni Wasomali. Mwaka 2012 mipaka ya kata ilipochorwa upya, walikuwa mle mle wakibishana juu ya ramani. Mwaka uliofuata Abdi Warsame akachaguliwa diwani wa Kata ya 6. Aprili 2023 madiwani wakarekebisha kwa kauli moja sheria ya kelele, adhana ikaruhusiwa mara tano kwa siku, ya alfajiri ikiwemo. Sheria ya kelele, jamani! Nani angeipigia picha?

Wakenya wa jirani, Brooklyn Park, wameamka: Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Wengine bado tunatafuta fremu ya cheti. Msiniite mwenye wivu. Nitajieni kwanza diwani wa kata yenu.