Mike Tyson Haingii Hata Tano Bora

Juzi asubuhi, ndani ya daladala, redio ilikuwa kwenye kipindi cha michezo. Mchambuzi mmoja, ambaye jina lake namsitiria, akasema Muhammad Ali alikuwa na mdomo tu, na kwamba "Tyson wa enzi zake" angemlaza raundi ya pili. Mwenzake akacheka, akasema hilo halina mjadala. Kisha wakaweka tangazo la kubeti. Abiria wakaitikia kwa vichwa, na konda akaongeza kwamba raundi mbili ni nyingi mno, moja ingetosha.

Nimelisikia neno hili kwenye vijiwe vya kahawa, kwa vinyozi, kwenye vibanda vya mpira na hata msibani. Mike Tyson ndiye bondia mkubwa kuliko wote wa uzito wa juu, basi. Imeshakuwa dini. Ukiomba ushahidi, unaoneshwa simu.

Na kwenye simu kuna nini? Kuna video ya dakika nne yenye muziki wa kutisha. Marvis Frazier anaanguka ndani ya sekunde 30. Michael Spinks anaanguka ndani ya sekunde 91. Trevor Berbick anapepesuka huku na huko kama mlevi, na kijana wa miaka 20 anavishwa mkanda wa dunia, Las Vegas, tarehe 22 Novemba 1986, akiwa bingwa mdogo kuliko wote katika historia ya uzito huo. Hayo yote ni kweli, na yalipendeza kutazama. Ila aliyeikata video hiyo alijua cha kuacha. Aliacha raundi kumi za James Tillis na raundi kumi za Mitch Green, zote mwezi Mei 1986, watu wawili ambao Tyson aliwashinda kwa pointi tu. Aliacha Machi 1987, siku James "Bonecrusher" Smith alipomkumbatia Tyson raundi kumi na mbili mpaka watazamaji wakazomea. Aliacha Agosti mwaka huohuo, Tony Tucker alipofika naye mwisho. Huyo ndiye Tyson wa enzi zake mnayemwimba, mwenye miaka 19, 20 na 21, mwenye afya tele. Kama Smith, ambaye leo hakuna kijiwe kinachomtaja, aliweza kumfunga mikono usiku mzima, niambieni Ali angeshindwaje, Ali aliyekuwa fundi wa kumshika mtu shingo na kumwegemea mpaka achoke, mwenye urefu wa sentimita 191 mbele ya mtu wa 178?

Lakini hoja yangu kubwa si hiyo. Hoja yangu ni moja, na nitairudia mpaka konda aielewe. Bondia wa uzito wa juu hupimwa siku alipoangushwa. Wote huanguka, kwa sababu ngumi ya mtu wa kilo mia haina mwenyewe. Swali ni alifanya nini baada ya hapo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa tazameni koleo la Tyson lilivyovunjika, na mniambie uhunzi uliendelea wapi.

Katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa, Tyson hakuwahi kuangushwa chini, akainuka, akashinda pambano hilo. Hata mara moja. Na hakuna bondia aliyempiga katika ngumi za kulipwa ambaye Tyson alirudi akamlipa. Hata mmoja.

Twendeni Tokyo, tarehe 11 Februari 1990. Tyson ana miaka 23, mapambano 37, hajapoteza hata moja. Mbele yake yuko James "Buster" Douglas, mtu aliyemzika mama yake wiki chache kabla. Las Vegas nyumba nyingi za kamari hazikutaka hata kupokea dau, na moja iliyokubali iliweka 42 kwa 1. Raundi ya nane, Tyson akamwangusha Douglas. Douglas akapiga sakafu kwa ngumi kwa hasira, akainuka, akaendelea na kazi. Raundi ya kumi ikawa zamu ya Tyson. Akaenda chini, akatambaa kwa magoti akiitafuta kinga yake ya meno, akaibandika mdomoni upandeupande, mwamuzi akammalizia hesabu. Walianguka wote wawili siku ile. Mmoja aliinuka akashinda. Promota Don King akapiga kelele kwamba mwamuzi alimhesabia Douglas taratibu, na mpaka leo kuna mashabiki wanaoimba wimbo huohuo wa Don King, jamaa ambao wakipigwa chenga uwanjani husema jua liliwaingia machoni.

Sasa subirini visingizio, maana nimevisikia vyote.

Cha kwanza, "alikuwa amefiwa na kocha wake." Ndiyo, mzee Cus D'Amato alifariki. Alifariki Novemba 1985! Mwaka mzima kabla Tyson hajashika mkanda wowote. Kwa hiyo mikanda yote aliyotwaa, na hiyo video yote kwenye simu yako, ni ya Tyson aliyekwisha kufiwa. Kama msiba ndio uliomharibu, basi uliharibu pia hizo enzi zake unazoziimba. Na Douglas je? Aliyefiwa na mama yake mzazi juzijuzi alikuwa nani ulingoni siku ile?

Cha pili, "jela ndiyo iliyommaliza." Tokyo ilikuwa Februari 1990. Jela aliingia 1992. Hesabu za darasa la pili zinatosha hapa. Na hiyo jela watu wanaitaja kwa huruma, kana kwamba alikamatwa kwa kutolipa nauli. Mahakama ya Indiana ilimtia hatiani kwa kumbaka msichana wa miaka 18. Mimi nina mabinti, na inanikera kuona wanaume wazima wakimlilia mfungwa huyo kwa sababu ya mikanda tu, bila kumtaja msichana hata kwa bahati mbaya.

Alipotoka 1995, akapewa mikanda miwili kwa kupiga watu waliokuwa wanatetemeka kabla ya kengele. Kisha, Novemba 1996, akakutana na Evander Holyfield, mtu ambaye kutetemeka hakujui. Holyfield akamwangusha raundi ya sita, akamsimamisha raundi ya kumi na moja. Haya, nafasi ya kulipa ikaja, tarehe 28 Juni 1997. Hii ndiyo siku ambayo bingwa wa kweli huioteshea ndevu. Tyson alifanya nini? Alimng'ata sikio. Alipoonywa, akang'ata la pili. Akaondolewa ulingoni. Mwaka 2002, kule Memphis, Lennox Lewis alimlaza raundi ya nane, na hapo hata ndoto ya kulipiza ilikwisha.

Wawekeni sasa wenzake kando yake. Joe Louis alilazwa na Mjerumani Max Schmeling mwaka 1936, raundi ya kumi na mbili. Miaka miwili baadaye, Hitler akiwa madarakani na Marekani nzima ikiwa imetega sikio redioni, Louis alimmaliza Schmeling kwa sekunde 124. Kisha akakaa na mkanda karibu miaka kumi na miwili, akautetea mara 25. Larry Holmes alikula ngumi ya Earnie Shavers mwaka 1979 ambayo ingemuua punda. Akainuka, akamsimamisha Shavers raundi ya kumi na moja. Naam, ni Holmes huyohuyo ambaye Tyson alimpiga Januari 1988. Mashabiki hulitaja pambano hilo kwa fahari bila kusema kwamba Holmes alikuwa na miaka 38 na alitolewa kwenye ustaafu kwa hundi. Lennox Lewis alilazwa na Hasim Rahman kule Brakpan, Afrika Kusini, Aprili 2001. Novemba mwaka huohuo alimrudia akamlaza raundi ya nne. George Foreman alipoteza mkanda mwaka 1974, akaacha ngumi, akawa mchungaji, akarudi akiwa na kitambi, na tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza Michael Moorer akautwaa tena. Alivaa bukta ileile aliyoivaa siku alipoupoteza. Huo ndio uhunzi.

Na Ali? Joe Frazier alimwangusha raundi ya kumi na tano, New York, Machi 1971. Ali aliinuka papo hapo, akamaliza pambano, akashindwa kwa pointi. Akamlipa mwaka 1974, akamlipa tena Manila mwaka 1975. Ken Norton alimvunja taya Machi 1973. Septemba mwaka huohuo deni likalipwa. Leon Spinks alimnyang'anya mkanda Februari 1978. Septemba Ali akauchukua, mara ya tatu. Waliomshinda wakabaki bila kulipwa ni Holmes na Berbick, na hao walimpata akiwa na miaka 38 na 39, mwili umeshamsaliti. Kuwahesabia hao ushindi ule ni sawa na kuhesabia ushindi wa Jake Paul dhidi ya Tyson mwenye miaka 58, Novemba 2024. Mimi siuhesabu huo. Mnaona? Nina haki.

Sasa nirudi kwa yule mchambuzi na raundi yake ya pili. Dhana ya kwamba jitu lenye ngumi nzito lingemsaga Ali mapema haihitaji kubuniwa redioni. Ilishajaribiwa. Mwaka 1964 jitu hilo liliitwa Sonny Liston, na lilibaki limekaa kwenye kiti chake likakataa kutoka kwa raundi ya saba. Mwaka 1974 liliitwa George Foreman, miaka 25, mapambano 40 bila kushindwa, 37 kati ya hayo kwa KO. Alimwangusha Frazier mara sita kwa raundi mbili. Norton naye raundi mbili. Wachambuzi wa wakati ule, mababu wa huyu wa kwetu, walihofia Ali angekufa. Alikuwa na miaka 32, na miaka mitatu na nusu ya ujana wake serikali yake ilikuwa imeila kwa kuwa alikataa kwenda kuua watu Vietnam. Tarehe 30 Oktoba, Kinshasa, alfajiri ya saa kumi, alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito, na raundi ya nane akamlaza. Foreman alikuwa mrefu kuliko Tyson, mzito kuliko Tyson, na kwa maneno ya wengi waliokula ngumi zake, alipiga kuliko yeyote. Kama huyo alishindwa, huyo wenu atafaulu kwa dawa gani?

Msidhani namwabudu Ali. Februari 1980 alikuja Dar es Salaam akitumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere alikataa hata kuonana naye. Mwalimu alifanya sawasawa. Mimi nazungumzia ulingo.

Na tukiwa kwenye ulingo, niseme jambo lingine linaloniunguza. Kijana wa hapa anamjua Tyson mpaka mifugo yake. Anajua kwamba chui milia wake aliitwa Kenya. Lakini muulize Robert Wangila ni nani, Mkenya aliyetwaa dhahabu ya ngumi Seoul mwaka 1988, ya kwanza kwa Mwafrika mweusi, akafa mwaka 1994 baada ya pambano lake Las Vegas. Atakukodolea macho. Muulize Titus Simba, Mtanzania aliyeleta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Atadhani unataja timu ya Msimbazi. Watu haohao waliokesha kumtazama mzee wa miaka 58 akipigwa na mtu wa mtandaoni hawajawahi kununua tiketi ya ngumi za Manzese, halafu wanauliza kwa nini hatuna mabondia.

Nikupeni na shahidi wa mwisho. Tyson mwenyewe, akiwa ameketi na Ali kwenye kipindi cha televisheni cha Arsenio Hall, alisema mbele ya watu kwamba mkubwa ni Ali. Mchambuzi wetu anamjua Tyson kuliko Tyson anavyojijua.

Tano bora zangu ni hizi: Ali, Louis, Holmes, Foreman, Lewis. Holyfield anagonga mlango. Tyson yuko nyuma yake, na hapo ndipo Holyfield alipomwacha, mara mbili. Atakayebisha asinioneshe video. Aniletee jina la bondia mmoja tu aliyempiga Tyson kwenye ngumi za kulipwa, kisha Tyson akarudi akamlipa. Nampa muda wote anaoutaka, maana jina hilo halipo.